Ukweli kwa Mzee Anayesahau

Anayemtunza mzee mwenye dimenshia huulizwa kila siku, pengine mara nyingi kwa siku moja, maswali ambayo jibu lake la kweli linaumiza. Bibi wa miaka 80 na ushei anauliza mumewe amekwenda wapi, na mumewe amezikwa miaka mingi iliyopita. Mstaafu wa reli anataka apewe nguo zake za kazi kwa sababu zamu inaanza jioni hii. Mama anataka arudishwe kwao, ilhali ameketi katika nyumba aliyoishi tangu aolewe. Anayeulizwa kwa kawaida si daktari wala shehe wala padri. Ni dada wa kazi, mkwe, mjukuu, au mhudumu anayelipwa kwa saa, naye hana nafasi ya kutafakari kabla ya kufungua mdomo. Hata hivyo, swali lililo mbele yake limewashughulisha wanateolojia na wanafalsafa kwa zaidi ya miaka 1,600: je, upo uongo ulio halali, na kama upo, ni nani mwenye ruhusa ya kuusema?

Dimenshia ni jina la jumla la hali zinazotokana na magonjwa ya ubongo, zinazomwondolea mtu kumbukumbu, kisha uwezo wa kufikiri, na mwisho uwezo wa kujihudumia. Chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer. Mwaka 1906 aliueleza kutokana na mgonjwa aliyemwona Frankfurt, mwanamke ambaye alipoambiwa aandike jina lake mwenyewe alishindwa kulimaliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Ulaya wanakosea. Utafiti wa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliikuta kwa takriban watu 6 katika kila 100 waliotimiza miaka 70 na kuendelea.

Kwa mtunzaji, jambo la kuelewa kwanza ni kwamba usahaulifu huu una mpangilio. Katika Alzheimer mambo ya karibuni hupotea mapema na ya zamani hubaki kwa muda mrefu zaidi. Harusi ya ujanani ipo wazi, na mazishi ya uzeeni yamefutika. Kwa hiyo bibi anayemuulizia mumewe hakatai kwamba amekufa. Kwa kadiri ya kumbukumbu aliyobaki nayo, mume yu hai na amechelewa kurudi. Kumbishia ni kumtaka aamini neno la mtu asiyemfahamu vizuri dhidi ya kile anachokijua mwenyewe. Mambo yaliyorudiwa maisha yote hukawia kuondoka: Alfatiha, Baba Yetu, nyimbo za utotoni, salamu. Mzee asiyemtambua mwanawe aweza kuitikia "Marahaba" bila kusita, ndiyo maana watunzaji wazoefu huanza siku kwa "Shikamoo" na hawaanzi kwa "Unanikumbuka?", ambalo ni mtihani anaoweza kufeli.

Suala la kumficha mgonjwa habari ya msiba lilichambuliwa kwa kina na Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo na askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha kupinga uongo, alichokiandika karibu na mwaka 420, yupo mgonjwa mahututi ambaye mwanawe wa pekee amefariki bila yeye kujua. Mgonjwa anauliza kama mwanawe yu hai. Anayejua anaweza kusema amekufa, au yu hai, au sijui. Majibu mawili ya mwisho ni uongo, na la kwanza huenda likamuua mgonjwa. Augustino anakiri waziwazi kwamba mfano huu unamchoma, lakini hatetereki. Uongo haukubaliki hata hapo, kwa kuwa ukiruhusiwa kwa huruma katika jambo hili, utapenya polepole katika mengine mpaka usipate pa kuuzuia. Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant alifika mahali hapohapo bila kuegemea imani, akidai kwamba wajibu wa kusema kweli haulegei hata kwa muuaji aliyebisha hodi akiuliza rafiki yako kajificha wapi.

Hofu ya Augustino si ya kupuuzwa, na yeyote aliyeona familia ikianza kwa kumficha mzee jambo moja dogo na kuishia kumficha kila kitu ataitambua. Lakini mgonjwa wake ana kitu ambacho mzee mwenye dimenshia hana. Akiambiwa, atajua, na kesho bado atakuwa anajua. Habari ya kifo ni mwanzo wa kazi, na jamii za Afrika Mashariki zimeipangia kazi hiyo utaratibu. Mikeka hutandikwa, majirani huleta sufuria na kuni, wanaume hulala nje, mjane wa Kiislamu huketi eda ya miezi minne na siku kumi, khitma husomwa au misa huombwa, na arobaini hufika. Kila hatua humpunguzia mfiwa mzigo kidogo.

Bibi anayeambiwa asubuhi ya leo kwamba mumewe alikufa zamani hupigwa na habari yenyewe, ila matanga hayapati. Hakuna anayekuja kuketi naye. Baada ya muda mfupi maneno yametoka kichwani, na uchungu umebaki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer walioonyeshwa filamu za kuhuzunisha waliendelea kuwa na huzuni hata baada ya kusahau walichokiona. Kisha bibi anauliza tena. Kumjibu vilevile kila anapouliza ni kumfiwisha upya kila mara, kwa msiba usiokuwa na arobaini. Ukweli katika maisha ya kawaida una thamani kwa sababu humsaidia mtu kuishi sawasawa na mambo yalivyo. Huu haumsaidii kufanya lolote.

Mapokeo ya Kiislamu yanalitazama suala hili kwa njia nyingine. Uongo umekemewa vikali, na bado zimepokewa hadithi sahihi zinazosema kwamba anayepatanisha watu kwa kusema la kheri hahesabiwi kuwa mwongo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijenga kanuni juu ya msingi huo katika kitabu chake cha Ihya. Maneno ni njia ya kufikia makusudi. Kama lengo jema linafikika kwa ukweli na kwa uongo, uongo ni haramu. Kama halifikiki ila kwa uongo, hukumu ya uongo huo inafuata hukumu ya lengo. Na hata hapo, wanazuoni walipendelea kwanza kauli za mafumbo, zile ambazo msemaji hasemi uongo na msikilizaji anatulia. Wenyeji wa pwani wana uzoefu mkubwa wa kauli hizo. Kilicho muhimu kwa mtunzaji ni mpangilio wake: tafuta kwanza ukweli unaofaa, halafu fumbo, na uongo uwe wa mwisho na wa dharura. Kwa suala hili, kanuni ya Ghazali inamfaa zaidi mtu aliye jikoni na mzee kuliko ya Kant.

Kuna hoja moja ya kurahisisha mambo ambayo yafaa ikataliwe mapema. Husemwa, mara nyingine na watoto wenyewe wa mgonjwa, kwamba "mama hayupo tena", kilichobaki ni mwili, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Hoja hii ina babu yake katika falsafa. Mwingereza John Locke, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake kuhusu uelewa wa binadamu, alisema kwamba mtu hubaki kuwa yuleyule kadiri fahamu yake inavyoweza kuyafikia matendo yake ya nyuma. Ikifuatwa hadi mwisho, kauli hiyo inamfanya mzee aliyesahau maisha yake kuwa mtu mwingine, au si mtu kabisa.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mambo yanayoelekea upande mwingine kabisa. Kwake, mtu hupata utu wake ndani ya watu wengine, na hata aliyekufa huendelea kuhesabiwa katika jamaa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Mbiti hakuwa akizungumzia dimenshia. Lakini kama kumbukumbu ya wengine inamtosha marehemu kubaki katika jamaa, ni vigumu kuona kwa nini isimtoshe aliye hai. Jirani anayejua kwamba bibi huyu ndiye aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima anamshikia bibi kitu chake. Mtunzaji mgeni asiyejua hilo anahitaji kuambiwa, na familia inayomwajiri bila kumsimulia mzee ni nani imemnyima kifaa cha kazi.

Dini nazo haziungi mkono wazo kwamba mgonjwa amekwisha kutoka. Qur'ani, katika Sura An-Nahl na Sura Al-Hajj, inautaja umri dhaifu ambao mtu hurudishwa humo mpaka asijue kitu baada ya kuwa alijua, na inaueleza kama sehemu ya safari ya binadamu yuleyule mmoja. Fiqhi husema kwamba aliyeondokewa na akili ameinuliwa kalamu: haandikiwi dhambi kwa sala iliyompita. Wajibu wake umepungua, ila haki zake zimebaki zote, pamoja na mali yake, heshima yake na urithi wake. Katika Agano la Kale la Wakatoliki, Yoshua bin Sira anamwelekeza mtoto amvumilie baba hata akili za baba zikipungua, na asimdharau kwa kuwa yeye ana nguvu. Kwa hiyo mzee akisali adhuhuri mara ya tatu kwa kuwa amesahau kwamba alishasali, hakuna haja ya kumkatiza. Hana deni analokosea kulilipa, na mkeka haujamdhuru mtu.

Wataalamu wa utunzaji wamepita kwenye njia zote mbili, ya kumsahihisha mgonjwa na ya kumsikiliza. Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ulienea mtindo wa kumrudisha mgonjwa kwenye hali halisi: akumbushwe tarehe, mahali, jina la rais, na akikosea asahihishwe. Uliwasaidia baadhi ya wagonjwa wa hatua za mwanzo, lakini ulipotumiwa kwa ukali uligeuka kuwa masahihisho ya kutwa nzima. Naomi Feil, aliyekulia ndani ya nyumba ya wazee ya Cleveland ambayo baba yake aliisimamia, aliuacha akaanza mwaka 1963 kutengeneza njia yake: usimsahihishe, na usimdanganye pia, ila isikilize haja iliyo ndani ya maneno yake. Hata hivyo katika vituo na majumba mambo hayakunyooka hivyo. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2006 uliowauliza wahudumu kama huwadanganya wagonjwa ulikuta kwamba karibu wote hufanya hivyo, hasa kuwatuliza. Wahudumu hao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameachwa peke yao na swali.

Njia ya Feil inaonekana vizuri zaidi ikitazamwa kwa karibu. Chukua yule mstaafu wa reli, awe Tabora, mji ulioishi kwa treni. Jua linapokaribia kuzama, saa ambayo wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi, anatafuta kofia yake na kuelekea mlangoni. Dada wa kazi anaweza kusema, "Babu, ulishastaafu zamani", na kuanzisha ugomvi. Anaweza kusema, "Leo treni haiji", akapata utulivu wa dakika chache mpaka babu aanze kuuliza kwa nini hakupewa taarifa. Au anaweza kusimama karibu naye na kumuuliza:

"Babu, zile taa za usiku mlikuwa mnaziwasha kwa kutumia nini?"

"Mafuta ya taa, mjukuu wangu. Na utambi ukate vizuri, la sivyo kioo chote kinashika moshi."

"Mlikuwa mnaukata kwa mkasi?"

Katika maneno hayo hakuna uongo hata mmoja. Babu hajaambiwa kwamba zamu ipo wala kwamba haipo. Alichokuwa akikitafuta mlangoni ni kuwa mtu anayetegemewa, na amekipata akiwa sebuleni. Akiletewa maharage ya kuchambua baada ya hapo, atachambua. Vivyo hivyo bibi anayemuulizia mumewe anaweza kuambiwa, "Leo umemkumbuka sana, hebu nisimulie habari zake", na mara nyingi husimulia. Anayetaka kurudi kwao huwa anatafuta usalama kuliko anavyotafuta nyumba, na kanga mabegani na chai ya moto vinaweza kumjibu.

Haifaulu kila mara. Zipo jioni ambazo babu anataka jibu la ndiyo au hapana, na mlango uko wazi, na barabara iko karibu. Hapo "treni imechelewa" ni kauli ya dharura, na mtunzaji aliyeisema hana sababu ya kulala na hatia. Ugumu unaanza dharura inapofanywa mpango. Düsseldorf, Ujerumani, kituo kimoja cha wazee kilijengewa nje kituo cha basi kisichopita basi lolote, ili mgonjwa anayetoroka kwenda kwao aketi akisubiri, asahau, kisha arudishwe ndani kwa upole. Wanaokitetea wanasema kimepunguza hatari na nguvu za kuwazuia watu milangoni. Tom Kitwood wa Bradford, aliyeandika mwaka 1997 kitabu kilichobadilisha fikra kuhusu utu wa wagonjwa hawa, aliuweka udanganyifu katika orodha ya mambo yanayouharibu utu huo, sambamba na kuwafanya watoto na kuwaendesha kwa kasi wasiyoiweza. Penye benchi ya kituo hicho cha basi, cha kuangalia ni kama yupo mtu anayetoka na kuketi na mzee. Akiwepo, benchi ni mahali pa kupumzikia. Asipokuwepo, ni mtego.

Kipimo kinachojitokeza ni cha kuuliza uongo unamnufaisha nani, na hapo suala linahama kutoka kwa dhamiri ya mtunzaji kwenda kwa waliompa kazi. Mazungumzo ya utambi na kioo yanahitaji robo saa. "Treni haiji" inahitaji sekunde tatu. Huko England malalamiko kuhusu ziara za majumbani za dakika 15 yalizidi hadi mwongozo rasmi wa mwaka 2015 ukaagiza kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, ziara isipungue nusu saa. Miongoni mwa waliokwenda kufanya kazi hiyo tangu nchi hiyo ilipowafungulia watunzaji viza mwezi Februari 2022, hadi ilipoufunga mlango kwa waombaji wapya wa ng'ambo mwezi Julai 2025, wamo Wakenya na Watanzania. Katika dakika 15 mtu amwogeshe mzee, ampe dawa, aandike ripoti na kukimbilia nyumba inayofuata. Nyumbani Afrika Mashariki tatizo limegeuka upande wa pili. Dada wa kazi yupo na bibi kutwa nzima, na pia ana watoto, nguo, jiko na maji, na usiku ndiye anayeamshwa. Mwajiri anayetaka mama yake asidanganywe hana budi kununua muda wa kumwambia kweli, na muda huo una bei.

Yapo mambo ambayo huruma haiwezi kuyahalalisha. Kumwambia mzee "weka dole gumba hapa, ni karatasi za hospitali", kumbe ni hati ya shamba, ni wizi. Kuficha dawa ndani ya uji ni suala zito pia. Baadhi ya vidonge vimetengenezwa viyeyuke polepole, na vikisagwa hutoa dozi yote kwa mpigo. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua humchukulia kila mtu kuwa anaweza mpaka ithibitike vinginevyo, na kumpa mgonjwa dawa bila yeye kujua kunataka uamuzi wa pamoja wa daktari, mfamasia na familia, ulioandikwa. Pasipo na utaratibu kama huo, kikao cha familia kinaweza kufanya kazi hiyo, mradi mtunzaji awepo kikaoni na asibebeshwe siri peke yake.

Ukweli mwingine unadaiwa nje ya nyumba. Usukumani na katika Kilifi, wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayezurura usiku, kuzungumza peke yake au kuingia boma lisilo lake hujiweka hatarini bila kujua. Familia nyingi huuficha ugonjwa kwa aibu. Siri hiyo yaweza kumgharimu mzee uhai wake, na mtunzaji anayemweleza jirani kwamba haya ni maradhi ya ubongo anamlinda.

Ukweli kwa mgonjwa mwenyewe nao una wakati wake. Katika miezi ya mwanzo baada ya kutambuliwa ugonjwa, bado anaweza kuelewa, kuandika wasia, kuchagua wa kumtunza na kusema anayoyaogopa. Kumficha wakati huo ni kumnyang'anya siku za mwisho za kujiamulia. Ndipo pia anapoweza kuulizwa angependa ajibiwe vipi siku atakapomuulizia marehemu. Wengine watasema waambiwe kila mara. Wengine watasema waachwe na faraja yao. Atakachosema hakitamaliza kila utata, kwani mtu mzima wa akili hawezi kujua kikamilifu hali atakayokuwa nayo akiwa amesahau, ila kinampa mtunzaji kibali ambacho hakuna mwingine awezaye kukitoa.

Mgonjwa akifariki, suala hubadilika. Watoto waliokuwa mbali humuuliza mtunzaji, "Alituulizia?" Pengine katika mwaka wa mwisho hakumtaja yeyote wao, akimwita dada wa kazi kwa jina la bintiye. Mbele ya hao, ile ruhusa ya dharura haipo. Wao wana kumbukumbu, wana matanga, na watakachoambiwa watakaa nacho. Wanadaiwa kuelezwa yaliyokuwepo: kwamba majina yalimtoka, kwamba alipenda kushikwa mkono wakati wa kula, na kwamba jina la binti yake ndilo alilompa yule aliyemlisha.